Mguu wa fundi wa Kibuye: kisa cha maumivu yaliyotokana na misuli isiyolingana nguvu

Mgonjwa ni mama wa miaka 48, fundi wa cherehani katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mguu wake wa kulia ulikuwa ukimuuma kuanzia kando ya nyonga, ubavuni mwa paja, hadi chini kidogo ya goti. Kila aliyemwona aliupa ugonjwa jina lake. Mmoja alisema ni mshipa wa mgongo umebanwa. Mwingine akasema ni baridi yabisi. Wa tatu alimlaza chali, akavuta miguu yote miwili, akatangaza kwamba wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto. Kwenye duka la dawa alikuwa akichomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, analala vizuri siku mbili, kisha maumivu yanarudi pale pale.

Amekubali kisa chake kiandikwe, nami nimeacha jina lake na chochote kinachoweza kumtambulisha. Nakiandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika kazi yangu ya fiziotherapia hapa Kisumu nawaona watu wengi wa aina yake, mafundi, wauza samaki, walimu, wanaotibiwa mgongo kwa miezi na miezi ilhali mgongo wao hauna neno. Ya pili, sehemu ya tiba aliyoipata ni kiropraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya mgongo na nyonga kwa mikono, na kiropraktiki siku hizi ama inasifiwa kupita kiasi ama inabezwa bila kusikilizwa. Huyu mama ilimsaidia. Ila ilimsaidia kwa kiasi chake, na kwa sababu tofauti na ile aliyokuwa akiwaeleza majirani.

Mwanawe anayefanya kazi Nairobi ndiye aliyempeleka. Wagonjwa wengi wa huku kwetu humfikia tabibu wa kiropraktiki kwa njia hiyo: mtoto aliye Nairobi anasikia habari zake, analipa, mama anapanda gari. Saa nyingi za kukaa barabarani zilimfanya ashuke akichechemea, ameshika kiuno. Tabibu alimpima, akaona kiuno kimekaza upande wa kulia na paja la kulia halirudi nyuma inavyopaswa. Akamfanyia marekebisho ya kiuno na kuilegeza nyonga. Mama aliteremka kitandani akatembea wima. "Daktari, nilidhani nimepona," aliniambia baadaye. "Nilimpigia hata dada yangu wa Ahero nikamwambia nimepona." Alirudi Kisumu, akaketi kwenye cherehani, na kabla ya wiki kwisha mguu ukaanza tena. Alipokwenda mara ya pili ikawa vile vile: nafuu ya haraka, kisha kurudi nyuma.

Hapo tabibu yule alifanya jambo ambalo namheshimu kwalo. Hakumuuzia mfululizo wa vikao visivyo na mwisho. Alimwandikia barua fupi, akaeleza alichokiona na alichokifanya, na kuomba mtu wa tiba ya viungo aliye karibu na nyumbani kwake apime nguvu za misuli ya nyonga na kuifuatilia. Barua hiyo ndiyo iliyomleta kwangu.

Kwa asiyeijua kazi hii, kiropraktiki ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895. Daniel David Palmer alisukuma pingili ya uti wa mgongo ya Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi ambaye masikio yake hayakuwa yakisikia vizuri, kisha akadai kwamba usikivu umerudi. Kutoka hapo akajenga nadharia kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizohama. Nadharia hiyo haikusimama mbele ya sayansi. Kilichosimama ni kitu kidogo zaidi na chenye manufaa: kusukuma viungo vya kiuno kwa wepesi na kwa mwendo mfupi hupunguza maumivu ya kiuno kwa kiwango kinachokaribiana na cha mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unaitaja tiba hiyo ya mikono pamoja na mazoezi, elimu kwa mgonjwa na kukandwa. Mwongozo huo huo haushauri mikanda ya kiuno wala kuvutwa, vitu viwili ambavyo mama huyu alikuwa ameshavilipia.

Na ule mlio unaosikika kiungo kinaposukumwa si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya mwili kwa kutumia sumaku, za vidole vikivutwa, wakaonyesha kwamba mlio hutokea pale pengo linapofunguka ndani ya kiungo. Nasisitiza hili kwa sababu mama alikuwa ameamini kwamba kuna mfupa "unatoka" kila akirudi Kisumu na "unarudishwa" kila akienda Nairobi. Mtu akishaamini hivyo huogopa kuinama, huogopa kubeba, huogopa hata mazoezi, na misuli yake inazidi kudhoofika. Marekebisho hutuliza maumivu kwa kupitia neva, na misuli iliyokuwa imejikaza kulinda sehemu inayouma hulegea. Hayaongezi nguvu kwenye msuli uliodhoofika. Kama chanzo ni udhaifu wa msuli, nafuu lazima iwe ya muda.

Kabla ya kugusa msuli wowote kuna maswali ambayo hayarukwi, na huku magharibi mwa Kenya mengine yana uzito zaidi. Kandokando ya Ziwa Victoria seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni wa kawaida, na mwenye seli mundu anaweza kufikwa na balaa la kichwa cha mfupa wa paja kukosa damu na kufa. Anakuja akilalamika nyonga na paja, na asipopigwa picha ataandikiwa mazoezi ambayo hayatamfaa kitu. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye pingili za mgongo. Kisukari huunguza neva za miguu. Niliuliza kuhusu homa, jasho la usiku, kupungua uzito, saratani ya zamani, kuanguka, na shavu la mguu kuvimba upande mmoja. Niliuliza pia kama haja ndogo au kubwa inamponyoka, au kama anahisi ganzi mahali mtu anapokalia, maana mwenye dalili hizo anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo, si kwa mtu wa viungo, si kwa tabibu wa kiropraktiki. Majibu yote yalikuwa hapana. Picha ya eksirei ya nyonga aliyokuwa nayo haikuonyesha kasoro.

Kisha nikampima, na hapa ndipo kisa kilipofunguka.

Nilianza na neva, kwa kuwa ndilo jina la ugonjwa lililokuwa limemganda. Alilala chali, nikauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Ulipanda hadi karibu digrii 80, na alichohisi ni kuvutwa nyuma ya paja tu, kama mguu wa kushoto. Neva iliyobanwa kiunoni kwa kawaida ingepiga kelele kabla ya hapo, na maumivu yangeteremka chini ya goti kuelekea kwenye unyayo. Ya kwake hayakuwahi kufika kwenye kifundo. Aliweza kutembea kwa visigino na kwa ncha za vidole, hisia za ngozi zilikuwa sawa miguu yote miwili. Nyonga yenyewe ilizunguka ndani na nje bila shida, jambo linalopunguza sana shaka ya kiungo kilicholika.

Urefu wa miguu niliupima kwa utepi, kutoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga mbele hadi kwenye kifundo cha ndani. Tofauti haikufika nusu sentimita. Binadamu wengi wana tofauti kubwa kuliko hiyo na hawajui. Ule "ufupi" ulioonekana alipolazwa chali ulitokana na misuli ya kiuno cha kulia kujikunja na kuuvuta mfupa wa nyonga juu. Utepi ni ule ule anaoutumia kila siku kupima sare za watoto, akausoma mwenyewe, na nadhani kusoma namba kwa macho yake kulimtuliza kuliko maneno yangu yote.

Nikamwambia asimame kwa mguu mmoja. Kwa mguu wa kushoto alisimama imara. Kwa mguu wa kulia, kabla hata sijahesabu, upande wa kushoto wa nyonga ulishuka na kiwiliwili kikaegemea kulia ili asianguke. Ishara hii ilielezwa na daktari mpasuaji Mjerumani Friedrich Trendelenburg, naye mwaka ule ule wa 1895. Nilimwomba ajishikilie ukutani kwa kidole na aendelee. Kabla ya sekunde 15 aliweka kiganja kwenye kifundo cha nje cha nyonga akasema, "Hapo! Hapo ndipo penyewe." Nilipobonyeza pale pale kwa kidole aliruka. Alipolala ubavu na kuuinua mguu wa juu, wa kushoto niliusukuma nisiushushe. Wa kulia ulishuka kwa mkono mmoja.

Kipimo cha mwisho kinaitwa kwa jina la Hugh Owen Thomas, daktari aliyetoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales. Mgonjwa analala ukingoni mwa kitanda, anakumbatia goti moja kifuani, na paja la pili linatakiwa lishuke lilale. La kulia lilibaki hewani. Misuli ya mbele ya nyonga ilikuwa imefupika na kukataa kuachia.

Ukiweka yote pamoja, picha ni hii. Mbele ya nyonga misuli imekaza, kiuno nacho kimekaza, ilhali tako na tumbo vimelegea. Daktari Vladimir Janda wa Prague, aliyeishi kati ya 1928 na 2002 na ambaye mwenyewe alipooza kwa polio ujanani, ndiye aliyeeleza mpangilio huu kwa ufasaha zaidi. Mimi nautumia kama ramani, si kama sheria, maana wapo wengi wenye mpangilio huo ambao hawaumwi popote. Kilichomuumiza mama huyu ni jambo mahsusi zaidi ndani yake: msuli wa kando ya nyonga, ambao madaktari huuita gluteasi midiasi, umedhoofika, na kila anapokanyaga nyonga inashuka upande wa pili. Inaposhuka, kano za msuli huo, yaani kamba zinazouunganisha na mfupa, zinabanwa dhidi ya kifundo cha mfupa wa paja. Zikibanwa siku nzima kwa mwaka mzima, zinauma, na maumivu yake husambaa ubavuni mwa paja hadi karibu na goti. Ndiyo maana watu huyadhani ni ya neva. Wanaoathirika zaidi ni wanawake wa kati ya miaka 40 na 60.

Lakini kwa nini upande wa kulia? Swali hilo halikuwa na jibu chumbani kwangu, ikabidi niende Kibuye.

Cherehani yake ni ya miguu, na stuli yake ilikuwa fupi, imekatwa miguu makusudi kwa sababu aliipenda iingie chini ya meza. Akikaa, magoti yalikuwa juu kuliko nyonga. Mguu wa kulia peke yake ndio uliokuwa ukikanyaga pedali. Wa kushoto aliukunja nyuma ya mguu wa stuli. Uzito ukaanguka kwenye tako la kushoto, na kwa kuwa amejifunga leso na magoti yako pamoja, paja la kulia likawa limeingia ndani, likivuka katikati ya mwili. Namna hiyo kano za kando ya nyonga zinavutwa na kubanwa hata akiwa ameketi. Anapiga mishono kwa muda mrefu bila kuinuka, kisha anasimama kupiga pasi. Pasi ni ya makaa, nzito, na alipoipiga alisimama ameuning'iniza mwili wote juu ya nyonga ya kulia, goti la kushoto limekunjwa, mkono wa kushoto umeshika kitambaa. Nilisimama pale nikamtazama akimaliza kupiga pasi sketi moja ya shule, na nyonga ile haikupumzika hata mara moja.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna kitanda cha kupimia wagonjwa ambacho kingenionyesha stuli ile, na tangu hapo sikubali kuandika mpango wa tiba wa mtu wa kazi ya kukaa au kusimama bila kumwona akifanya kazi, au angalau bila picha aliyopigwa na mwenzake kwa simu akiwa kazini.

Jambo la pili nililolipata huko ni maji. Alikuwa akibeba jerikeni la lita 20 kutoka bombani kwa mkono wa kushoto, ili kuupumzisha upande unaouma. Ni kinyume chake kabisa. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, kiungo cha nyonga hubeba nguvu inayofika takribani mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa sababu msuli wa kando unavuta kwa nguvu kuzuia upande wa pili usishuke. Ukitundika kilo 20 upande huo wa pili, msuli unalazimika kuvuta zaidi. Kila hatua aliyokanyaga kwa mguu wa kulia, jerikeni la mkono wa kushoto lilikuwa likiiongezea nyonga ya kulia mzigo. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya mgonjwa wa nyonga ya kulia ashike mkongojo kwa mkono wa kushoto: mkongojo husukuma juu, jerikeni huvuta chini.

Na la tatu, bodaboda. Alikuwa akikaa upande, miguu imepishana, barabara nzima.

Tulianza na kuondoa kinachobana, kabla ya zoezi lolote. Seremala wa jirani aliipa stuli miguu mipya, nyonga zikawa juu kidogo ya magoti. Miguu yote miwili kwenye pedali, mmoja mbele na mmoja nyuma, magoti yameachana upana wa ngumi mbili. Mwanzoni alilalamika kwamba mshono unakwenda mrama. Ilimchukua muda kuzoea na sikumlaumu, mkono na mguu wa fundi vimefundishana kwa miaka mingi. Pasi aipige akiwa amegawa uzito miguu yote, au aweke mguu mmoja juu ya tofali na kubadilisha. Maji ayabebe kwa vidumu viwili vya lita 10, kimoja kila mkono. Usiku alale kwa ubavu wa kushoto na mto mnene kati ya magoti, ili mguu wa kulia usidondoke kuvuka mwili. Bodaboda akae kama wanaume wanavyokaa, na kama amevaa sketi isiyoruhusu, basi apande tuktuk. Hili la mwisho lilihitaji mazungumzo, na binti yake ndiye aliyelimaliza kwa kumshonea sketi pana.

Nilimwomba aache kabisa zoezi moja alilolitoa kwenye video ya simu, la kulala chali na kulivuta goti la kulia kuelekea bega la kushoto. Alikuwa akilifanya kila asubuhi kwa bidii. Linanyoosha kando ya nyonga, na kunyoosha huko kunazibana zile kano zile zile kwenye mfupa. Nalitaja kwa sababu linapendekezwa kila mahali kwa kila anayeumwa mguu, na kwa mwenye tatizo hili linachochea maumivu.

Kisha mazoezi. Hatua ya kwanza ilikuwa ya kukaza msuli bila kuusogeza: analala chali, magoti yamekunjwa kidogo, leso imefungwa juu ya magoti, anasukuma magoti nje dhidi ya leso kwa nguvu ya wastani na kushikilia sekunde 30. Maumivu yakipita nne kwa kumi, apunguze. Hatua ya pili, kuinua kiuno kutoka sakafuni kwa kukaza matako, na kuinuka kutoka kwenye stuli bila kushika meza. Hatua ya tatu, kwenda kando kando na leso magotini, na kupanda juu ya tofali kwa mguu wa kulia huku nyonga zikibaki sawa. Baadaye tofali likawa kreti ya soda. Mazoezi mazito yalikuwa siku tatu kwa wiki, si kila siku, kwa kuwa kano inahitaji siku ya kujijenga baada ya kazi. Kipimo chake alikipata mwenyewe usiku. Kama usiku baada ya zoezi maumivu yamezidi ya jana, zoezi lilikuwa kubwa mno.

Tatizo lilijitokeza kwenye kuinua kiuno. Misuli ya mbele ya nyonga ilikuwa imekaza kiasi kwamba hakuweza kufika juu. Badala ya tako kufanya kazi, kiuno ndicho kilichopinda na kuuma. Tungeweza kusubiri mnyoosho wa polepole, na tulikuwa tumeuanza, akipiga goti moja kwenye godoro na kukaza tako. Lakini nilijua mikono ya tabibu wa Nairobi ilikuwa imewahi kumfungulia mwendo huo kwa siku kadhaa. Nikampigia simu. Tukakubaliana kwamba mama akienda kumwona mwanawe atapita kwake, na safari hii marekebisho yatafuatwa na kazi: mazoezi siku ile ile jioni na kesho yake, wakati nyonga ingali inafunguka. Njiani ashuke kwenye kila kituo cha kupumzika atembee, asikae mfululizo.

Ilifanya kazi. Aliporudi, paja lilishuka karibu kulala kitandani, na safari hii halikurudi juu, kwa sababu tako lilikuwa limeanza kuvuta upande wake. Tofauti kati ya vikao viwili vya kwanza na kile cha tatu haikuwa ufundi wa tabibu. Alifanya yale yale. Tofauti ni kilichofanyika baada ya mama kushuka kitandani.

Ushahidi wa marekebisho ya kiropraktiki kwa kano za kando ya nyonga peke yake ni mdogo, ilhali ule wa elimu na mazoezi ni mzuri. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa 2018 uligawa watu 204 wenye tatizo hili katika makundi matatu. Baada ya wiki 8, waliofundishwa kuepuka kubana kano na kufanya mazoezi, asilimia 77 walikuwa wamepata nafuu nzuri; waliochomwa sindano ya steroidi nyongani, asilimia 58; walioachwa wasubiri, asilimia 29. Baada ya mwaka walioachwa wasubiri walikuwa wamefika asilimia 52. Kwa hiyo atakayesema kwamba huenda mama angepona hata bila sisi ana hoja, na kisa kimoja hakiwezi kumjibu kikamilifu. Ninachoweza kusema ni kwamba alikuwa amesubiri zaidi ya mwaka mzima akizidi kuumia, na mambo yaligeuka baada ya stuli kubadilika.

Usalama nao una neno lake. Marekebisho ya kiuno kwa mtu aliyepimwa vizuri hayana hatari kubwa. Kwa mwenye mifupa iliyopungua nguvu, saratani ya mifupa, kifua kikuu cha mgongo, mvunjiko, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mambo ni tofauti. Shingo inataka tahadhari ya pekee, kwa sababu ya mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo. Ninaumia ninapomwona kijana wa kinyozi akimgeuza mteja shingo hadi ilie, ikiwa ni sehemu ya huduma baada ya kunyoa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 inataka mtu anayesomea kiropraktiki kikamilifu apate saa zisizopungua 4,200 za masomo kwa miaka minne, na 1,000 kati ya hizo ziwe za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza umesoma wapi, na tabibu wa kweli hachukii kuulizwa.

Januari ilitutikisa. Ni msimu wa sare za shule, wazazi wanapanga foleni, na fundi anayekataa kazi mwezi huo anakosa karo ya watoto wake mwenyewe. Alishona hadi usiku, mazoezi yakasahaulika, na mguu ukaanza kumsumbua akilala. Hatukuanza upya. Tulirudi kwenye hatua ya leso kwa wiki chache, jambo analoweza kulifanya kitandani kabla ya kulala, na akaweka kengele ya simu imwinue kwenye cherehani kila baada ya nusu saa, azunguke kibanda na kuketi tena. Maumivu yalipanda, lakini hayakufika yalikokuwa.

Nilipompima mara ya mwisho alisimama kwa mguu wa kulia sekunde 30 na nyonga zake zikabaki sawa. Anapanda mwinuko wa Riat kwa miguu, kitu alichokuwa amekiacha. Mguu wa kulia bado una nguvu pungufu kidogo kuliko wa kushoto akilala ubavu, na hawezi kuulalia usiku kucha. Diklofenaki ameiacha, nami nimefurahia hilo hasa, kwa kuwa dawa hiyo ikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Haendi tena Nairobi kwa ajili ya mguu. Nimemwambia kwamba kiuno kikikaza kiasi cha kumzuia mazoezi, kwenda si vibaya, mradi asiende kutafuta kupona pale kitandani.

Kama asingepata nafuu baada ya miezi mitatu ya mazoezi yaliyofanywa sawasawa, hatua yangu ingekuwa picha ya altrasaundi au MRI ya nyonga, kuona kama kano imechanika, na rufaa kwa daktari wa mifupa. Hatujahitaji. Kilichobaki kwenye mpango wetu ni kreti mbili badala ya moja, na msaidizi wa kukanyaga cherehani msimu ujao wa sare, ambaye ameshamwajiri: mpwa wake, na naye amekwisha kupewa stuli ndefu.